Mazoezi Makali na Kinga ya Mwili: Mwongozo kwa Kocha, Mzazi na Mwanamichezo Kijana

Wiki mbili kabla ya mashindano, kikohozi huanza kusikika kwenye benchi. Leo anakohoa mmoja, keshokutwa watatu, na wiki inayofuata golikipa yuko kitandani. Mzazi anasema mazoezi yamezidi, mtoto ameishiwa kinga. Kocha anasema kijana analegea tu, mafua hayajawahi kumzuia mtu kukimbia. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na yeyote kati yao akiachiwa kuamua peke yake, anayeumia ni kijana.

Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba zoezi moja kali halimwachi kijana mwenye afya bila kinga. Kinachomwangusha ni mazoezi makali kurundikwa juu ya usingizi mfupi, chakula pungufu, mitihani na chupa moja ya maji inayozungushwa timu nzima. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zinahusu saa ambazo kijana hayuko uwanjani.

Kwanza, jua kinachotokea mwilini

Kijana anapokimbia kwa kasi, adrenalini hupanda na moyo husukuma damu kwa nguvu. Chembe nyeupe za damu zilizokuwa zimetulia kwenye kuta za mishipa, kwenye wengu na kwenye mapafu hung'olewa na kuingia kwenye mzunguko. Zinazoongezeka haraka kuliko zote ni chembe ziuaji za asili, zile zinazowinda seli zilizoingiliwa na virusi. Ndani ya dakika chache idadi yake kwenye damu huweza kupanda mara kadhaa.

Mazoezi yakiisha, mambo hugeuka. Baada ya zoezi refu na kali, ndani ya saa moja au mbili limfositi (kundi la chembe nyeupe linalojumuisha hizo ziuaji za asili) hushuka hadi chini ya kiwango cha mwanzo, pengine kwa asilimia 30 hadi 60. Nyutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, huendelea kupanda kwa saa kadhaa kwa sababu ya kotisoli, homoni ya msongo. Kwa kawaida, ndani ya saa 24 hesabu yote imerudi mahali pake.

Kushuka huko kwa limfositi ndiko kulikozua hofu. Kwa miaka mingi wataalamu walieleza hali hiyo kama dirisha lililoachwa wazi, kipindi cha kati ya saa 3 na 72 ambamo virusi hupata nafasi ya kuingia. Tafiti za wakimbiaji zilionekana kuunga mkono. Uchunguzi uliochapishwa 1983 kuhusu mbio za Two Oceans za Cape Town, zenye kilomita 56, ulikuta karibu theluthi moja ya wakimbiaji wakiripoti dalili za mafua na koo katika wiki mbili baada ya mbio. Kwa watu walioishi nao nyumba moja bila kukimbia, ilikuwa takriban asilimia 15. Baada ya marathoni ya Los Angeles ya 1987, mtafiti David Nieman na wenzake walikuta asilimia 12.9 ya waliokimbia waliugua wiki iliyofuata, ilhali kwa wakimbiaji waliojiandaa vilevile lakini wasikimbie siku hiyo ilikuwa asilimia 2.2. Hapo ndipo ulipozaliwa mchoro wenye umbo la herufi J: asiyefanya mazoezi ana hatari ya wastani, anayefanya kwa kiasi ana hatari ndogo zaidi, na anayejikamua kupita kiasi hatari yake inapaa.

Mwaka 2018, John Campbell na James Turner wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, waliupinga ufafanuzi huo hadharani. Hoja yao ni kwamba limfositi zilizotoweka kwenye damu hazikufa. Zimehamia kwenye mapafu, utumbo na maeneo mengine ambako vimelea huweza kujitokeza. Ni kama askari waliotoka kambini kwenda doria: ukihesabu waliobaki kambini, utadhani jeshi limekwisha. Waliongeza kwamba tafiti za zamani zilitegemea wakimbiaji kujieleza wenyewe bila kupimwa maabara, na kwamba mtu anayekwenda kwenye mbio kubwa amesafiri, hakulala vizuri, na amesongamana na maelfu ya watu wanaopumua na kukohoa.

Wataalamu bado wanavutana. Mimi naona hoja ya Bath ina uzito kwa zoezi la siku moja. Kwa mzigo wa wiki na miezi habari ni tofauti, na ushahidi wake uko kwenye mate. Mate yana kingamwili iitwayo IgA, mlinzi wa kwanza wa koo na pua. Kwa wanamichezo wanaofanya mazoezi makali mfululizo msimu mzima, kiwango chake huelekea kushuka, na waogeleaji wa Australia waliofuatiliwa miaka ya 1990 walionyesha kwamba wenye IgA ya chini ndio waliougua mara nyingi zaidi.

Watoto na vijana wadogo wana nafuu yao. Wakifanya zoezi la ugumu uleule, mabadiliko kwenye damu yao huwa madogo kuliko ya watu wazima na hurejea kawaida mapema. Shida yao iko kwingine: mwili bado unakua na unadai nishati yake, shule inadai muda wake, na mara nyingi ratiba ya mazoezi inapangwa na watu wazima wawili au watatu wasiozungumza wao kwa wao.

Hatua ya 1: Hesabu mzigo wote, hata ule usioupanga wewe

Hapa ndipo makocha wengi hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kijana anacheza timu ya shule Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi yuko na klabu. Jumapili kuna mechi. Kocha wa shule anaona mchezaji wa siku tatu kwa wiki, na kocha wa klabu vilevile. Mwili wa kijana unaona siku saba. Anza kwa kumuuliza kijana maswali matatu: unafanya mazoezi wapi kwingine, kwa saa ngapi, na lini mara ya mwisho ulikaa siku nzima bila mazoezi? Kisha mpigie simu kocha mwenzako. Najua simu hiyo haipigwi kirahisi, hasa makocha wanapogombea mchezaji mmoja, lakini hakuna kipimo cha damu kitakachokusaidia kuliko mazungumzo hayo.

Madaktari wa watoto wa Marekani wana kipimo rahisi cha kuanzia: saa za mazoezi na michezo iliyopangwa kwa wiki zisizidi umri wa mtoto kwa miaka. Wa miaka 12 asipite saa 12, wa miaka 15 asipite 15. Apate angalau siku moja au mbili za mapumziko kamili kila wiki, na miezi miwili hadi mitatu kwa mwaka nje ya mchezo wake mkuu. Miezi hiyo si lazima ifuatane.

Saa peke yake hazitoshi, maana saa moja ya kurusha mpira taratibu haifanani na saa moja ya mbio za kasi zenye vipumziko vifupi. Dakika kama 30 baada ya mazoezi, muulize kijana: kutoka 0 hadi 10, leo ilikuwa ngumu kiasi gani? Zidisha jibu lake kwa dakika za mazoezi. Dakika 60 kwa ugumu wa 7 ni alama 420. Jumlisha wiki nzima. Unapopandisha mzigo, nenda kwa kiasi cha asilimia 10 kwa wiki. Namba hiyo si amri, ila inamzuia kocha mwenye haraka asiruke kutoka alama 1,500 hadi 2,600 kwa sababu tu ligi imekaribia.

Hatua ya 2: Fungua daftari la asubuhi

Daftari la kawaida linatosha. Kila asubuhi, kabla ya kushuka kitandani, kijana apime mapigo ya moyo kwa dakika nzima kwa kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono. Aandike mapigo, saa alizolala, anavyojisikia, na dalili yoyote hata kama ni ndogo. Mfano wa ukurasa wa mkimbiaji wa miaka 15:

Jumatatu. Mapigo 58. Nililala saa 9. Poa. Mazoezi dakika 75, ugumu 5, alama 375.
Jumanne. Mapigo 59. Nililala saa 8 na nusu. Miguu mizito kidogo. Dakika 90, ugumu 8, alama 720.
Jumatano. Mapigo 61. Nililala saa 7. Mapumziko.
Alhamisi. Mapigo 68. Nililala saa 5 na nusu, mtihani. Koo linawasha. Dakika 60 za kukimbia polepole, ugumu 8, alama 480.

Tazama Alhamisi. Mapigo yamepanda kwa 10 kutoka Jumatatu. Koo linawasha. Na mbio za polepole, ambazo wiki iliyopita kijana huyohuyo angezipa 4, leo amezipa 8. Dalili tatu zimeonekana kwa pamoja, na hata moja haihitaji daktari kuisoma. Kocha aliyeusoma ukurasa huo Ijumaa asubuhi angempa siku mbili nyepesi. Asiyeusoma atampeleka kwenye mbio za kasi Ijumaa, halafu Jumatatu atashangaa mbona hakuja.

Mapigo peke yake yakipanda siku moja, bila dalili nyingine, subiri. Yakiwa juu kwa 5 hadi 10 kwa asubuhi mbili au tatu mfululizo, punguza mzigo. Na usiligeuze daftari kuwa kesi. Kijana akiona kila anachoandika kinamnyima namba kwenye kikosi, ataanza kuandika "Poa" kila siku, na hapo umelipoteza.

Hatua ya 3: Linda usingizi kuliko unavyolinda mazoezi

Kama kuna kitu kimoja tu utakachobadilisha baada ya kusoma hapa, kiwe hiki. Katika jaribio moja la mwaka 2009, watu wazima waliokuwa na afya nzuri waliwekewa virusi vya mafua puani kwa makusudi, kisha wakafuatiliwa. Waliokuwa wakilala chini ya saa 7 walipata mafua karibu mara tatu zaidi ya waliolala saa 8 au zaidi. Jaribio kama hilo lililochapishwa 2015, ambalo usingizi ulipimwa kwa kifaa cha mkononi badala ya kutegemea kumbukumbu, lilikuta wanaolala chini ya saa 6 wana hatari zaidi ya mara nne ya wale wanaozidi saa 7.

Hao walikuwa watu wazima. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji 9 hadi 12. Sasa piga hesabu ya kijana anayemaliza mazoezi saa 2 usiku, anafika nyumbani saa 3, anakula, anafanya kazi za shule hadi saa 5, anashika simu hadi saa 6, halafu anaamshwa saa 11 alfajiri kwa mazoezi ya kuogelea. Amelala saa 5. Huyo hata umpe vitamini gani, ataugua.

Cha kufanya kiko wazi ingawa hakipendezi. Mazoezi ya alfajiri yasifuate mazoezi ya usiku. Simu ilale chumba kingine. Wiki ya mitihani iwe wiki ya mzigo mdogo, na ipangwe hivyo tangu mwanzo wa muhula kwa sababu tarehe za mitihani zinajulikana. Msongo wa mawazo huinua kotisoli kama mazoezi yanavyofanya, na mwili hautenganishi kotisoli ya hesabu na ya mbio za mita 400. Usingizi wa mchana wa dakika 20 hadi 30 unasaidia. Kulala hadi adhuhuri Jumapili hakulipi deni la wiki nzima.

Hatua ya 4: Hakikisha anakula vya kutosha

Chembe za kinga zinahitaji nishati kama misuli inavyohitaji. Kijana anapotumia nishati nyingi kuliko anayokula kwa wiki nyingi, mwili huanza kubana matumizi: ukuaji unapungua, mifupa inadhoofu, hedhi inakatika, na kinga nayo inapunguziwa fungu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua hali hii rasmi mwaka 2014, na inawapata wavulana pia.

Walio hatarini zaidi ni wakimbiaji wa masafa marefu, wachezaji wa sarakasi za viungo, na wale wa michezo yenye makundi ya uzito kama ndondi, judo na mieleka. Kijana anayejinyima chakula na maji ili "aingie uzito" anapanda ulingoni akiwa tayari nusu mgonjwa. Kocha anayempima uzito mtoto mbele ya wenzake na kutoa maneno ya kejeli anachangia ugonjwa huo, na sioni haja ya kulisema kwa upole.

Kwa upande wa vitendo:

Kabla ya mazoezi makali, kijana awe amekula mlo wenye wanga saa mbili hadi tatu kabla, au kitu kidogo ndani ya saa moja. Zoezi kali na refu likifanywa na mwili usio na wanga wa kutosha hupandisha kotisoli zaidi, na mtikisiko kwenye chembe nyeupe huwa mkubwa zaidi.

Zoezi likizidi dakika 90, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa, kwa kinywaji au chakula chepesi, hupunguza mtikisiko huo. Kwa zoezi la dakika 45 hazihitajiki kabisa. Maji yanatosha, na vinywaji vya sukari hapo vinaharibu meno tu.

Baada ya mazoezi, mlo wenye wanga na protini ndani ya saa moja au mbili.

Msichana aliyekosa hedhi miezi mitatu mfululizo, au aliyefika miaka 15 bila kuanza, apelekwe kwa daktari. Usikubali kauli ya "ni kawaida kwa wanamichezo". Imezoeleka, lakini ni dalili kwamba mwili umekosa nishati. Kwa mvulana, angalia uzito unaoshuka bila mpango, urefu uliosimama na uchovu usioisha.

Kuhusu vidonge, maneno machache yanatosha. Vitamini C haizuii mafua kwa watu wa kawaida, ila majaribio machache kwa wakimbiaji wa marathoni, watelezaji kwenye theluji na askari waliokuwa kwenye mazoezi mazito yalionyesha mafua yakipungua kwa takriban nusu. Matunda na mboga za kila siku zinampa kijana kiasi cha kutosha. Upungufu wa vitamini D na wa madini ya chuma una maana kwa kinga na kwa uchovu, lakini upimwe kwanza. Kumpa mtoto vidonge vya chuma kwa kukisia kunaweza kumdhuru.

Hatua ya 5: Funga njia za virusi

Vimelea lazima vitoke mahali. Kwenye timu ya vijana, njia zake zinaonekana kwa macho ukisimama pembeni ya uwanja dakika kumi tu. Chupa inafunguliwa, inapigwa mafunda, inarushwa kwa mwingine, mdomo wake unafutwa kwa kiganja, inaendelea. Kiganja hichohicho kimetoka kufuta pua. Taulo moja linapita shingo nne. Kisha wote wanapeana mikono na timu pinzani.

Kila mchezaji awe na chupa yake iliyoandikwa jina. Mikono ioshwe kwa sabuni kwa sekunde 20 kabla ya kula na baada ya mazoezi, na mahali pasipo na bomba pawe na dawa ya kusafishia mikono yenye alkoholi. Kwenye michezo ya kugusana ngozi kama mieleka, mikeka isafishwe kila siku na ngozi zikaguliwe: fangasi za mashilingi, majipu na malengelenge ya hapisi huenea hapo haraka. Mwenye kidonda kisichofunikika asiingie mkekani.

Chanjo za kawaida ziwe zimekamilika. Chanjo haimharibii mtu msimu, ila siku moja au mbili za homa ndogo au mkono kuuma zinawezekana, kwa hiyo isichomwe jioni ya kuamkia fainali.

Hatua ya 6: Tumia vizuri saa mbili baada ya mazoezi

Hata kama dirisha wazi halipo kwa namna lilivyoelezwa zamani, saa hizi zinastahili uangalizi. Njia ya hewa imekauka kwa kupumua haraka kwa mdomo, mate ni machache, nguo zimelowa. Abadilishe nguo, anywe maji, ale, apumzike. Kama usafiri wa kurudi ni basi lililofungwa madirisha na wawili wanakohoa ndani yake, fungueni madirisha na muwaketishe mbele peke yao.

Hatua ya 7: Tofautisha mafua na yale yanayofanana na mafua

Si kila koo linalowasha lina virusi. Katika uchunguzi uliochapishwa 2007, wanamichezo waliokuwa na dalili za mafua walipimwa maabara, na vimelea vilipatikana katika takriban asilimia 30 tu ya matukio. Kwa mengine, aleji, vumbi, hewa kavu na klorini ya bwawa ni washukiwa wa kawaida.

Kijana anayekohoa au kubanwa kifua dakika 5 hadi 15 baada ya kuanza au kumaliza mbio, kisha hali ikaisha yenyewe, na ikajirudia zoezi baada ya zoezi, huenda mirija yake ya hewa inabana kwa sababu ya mazoezi. Hilo linapimika na lina dawa. Baadhi yao hupewa antibayotiki bila sababu, na antibayotiki haziui virusi wala hazitibu aleji.

Hatua ya 8: Akiumwa, tumia kanuni ya shingo

Kanuni hii ilienezwa na daktari wa michezo wa Marekani, Randy Eichner, na inafaa kubandikwa chumba cha kubadilishia nguo.

Dalili zikiwa juu ya shingo tu (pua inayotiririka, chafya, koo kuwasha kidogo) na hakuna homa, anaweza kujaribu dakika 10 nyepesi. Akijisikia afadhali, aendelee kwa nusu ya ugumu. Akijisikia vibaya, arudi nyumbani. Afanye mbali na wenzake, kwa sababu kuweza kwake kukimbia hakumzuii kuambukiza.

Dalili zikiwa chini ya shingo (kikohozi cha kifua, misuli kuuma mwili mzima, kuhara, kutapika) au kukiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, hakuna mazoezi kabisa. Homa na mazoezi vyote viwili hupandisha joto la mwili na kukausha maji. Mahali penye malaria, homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo badala ya kuitwa mafua. Na kipimajoto kitumike kabla ya dawa: kijana aliyemeza parasetamoli au ibuprofeni asubuhi atakuonyesha nyuzi 37 mchana na kukuapia, "Niko fiti, kocha." Dawa imeshusha joto, ugonjwa uko palepale.

Kuna magonjwa mawili ambayo sababu ya kutojaribu bahati ni kubwa zaidi. La kwanza ni virusi kuingia kwenye misuli ya moyo. Kijana aliyekuwa na mafua, homa au ugonjwa wa tumbo, kisha akapata maumivu ya kifua, kukosa pumzi kuliko kawaida, moyo kudunda ovyo au kuzimia, asimame hapohapo na aende hospitali. Ikithibitika ni ugonjwa huo, hukaa nje ya michezo kwa miezi 3 hadi 6 chini ya uangalizi wa daktari. Mazoezi katika hali hiyo yanaweza kuua.

La pili ni homa ya tezi inayosababishwa na virusi vya Epstein-Barr, ambayo hupenda sana vijana wa sekondari na vyuo. Dalili ni koo kuuma sana, tezi za shingo kuvimba, na uchovu wa wiki kadhaa. Wengu huvimba, na teke au kumbo la tumbo linaweza kuupasua. Asirudi kwenye michezo ya kugongana kabla ya angalau wiki tatu tangu dalili zianze, na daktari ndiye atoe ruhusa.

Hatua ya 9: Mrudishe polepole

Asianze chochote kabla ya kupitisha saa 24 bila homa na bila dawa ya kushusha homa. Siku ya kwanza atembee au akimbie taratibu dakika 15 hadi 20, kiasi cha kuweza kuzungumza bila kuhema. Siku ya pili dakika 30, mwendo uleule. Siku ya tatu mazoezi ya ufundi na mpira, bila mbio za kasi. Siku ya nne mazoezi na timu kwa nusu ya muda. Baada ya hapo ndipo mbio za kasi, na mechi mwishoni. Kama aliugua zaidi ya siku nne, mimi humpa siku za kurudi zisizopungua alizokuwa kitandani.

Kila asubuhi ya safari hiyo apime mapigo. Yakiwa bado juu, arudie hatua ya jana. Dalili zikirudi, apumzike siku moja kisha aanze hatua moja nyuma. Asilipie mazoezi aliyokosa kwa kufanya mara mbili kwa siku, hata akiomba mwenyewe.

Aliyeugua mara tatu au zaidi ndani ya msimu mmoja, au anayechukua zaidi ya wiki mbili kupona mafua ya kawaida, apelekwe kwa daktari akiwa na daftari lake. Mwombeni daktari aangalie wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma, vitamini D, aleji na kifua, na mumweleze wazi anakula nini na analala saa ngapi. Bila maelezo hayo, daktari atamwona kijana mwembamba mwenye afya, atamwandikia dawa ya kikohozi, na mtarudi tena mwezi ujao.